Bonasi Tatu kwa Bara Zima?

Juzi tumekaa Sinza kucheza Risk, ule mchezo wa ubao wa kuteka ramani ya dunia kwa vikosi na dadu, kuna kijana mgeni anafundishwa. Hajashika hata kete, shemeji mmoja akamwahi: "Dogo, Afrika usihangaike nayo. Kule ni njia ya watu tu." Meza nzima ikacheka. Mimi nikanuna, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba shemeji alikuwa anasema kweli.

Ukishika Afrika yote, maeneo sita, unapewa vikosi vitatu vya ziada kila zamu; hiyo ndiyo bonasi. Ukishika Amerika ya Kaskazini, maeneo tisa, unapewa vitano. Najua kuna watu wa hesabu watakaonijia mbio kwamba vitatu kwa sita na vitano kwa tisa havipishani sana. Haya, havipishani. Gawanyeni mpaka mchoke. Ila bara likishachukuliwa, kazi inayobaki ni kulilinda, na kwenye kulinda ndiko tunakoibiwa.

Amerika ya Kaskazini ina milango mitatu, yaani maeneo yanayopakana na bara jingine: Alaska, Greenland na Amerika ya Kati. Afrika nayo mitatu: Afrika Kaskazini, Misri na Afrika Mashariki. Ngoma droo, siyo? Sasa fuata mistari kwa kidole. Alaska inapakana na Kamchatka, basi. Greenland na Iceland, basi. Amerika ya Kati na Venezuela, basi. Njia tatu za adui. Rudi kwetu. Afrika Kaskazini peke yake inafikiwa kutoka Brazil, Ulaya Magharibi na Ulaya Kusini. Misri inafikiwa kutoka Ulaya Kusini hiyohiyo na Mashariki ya Kati. Afrika Mashariki nayo, Mashariki ya Kati (kuna matoleo yaliyousahau mstari huu, Mungu awabariki waliokosea). Njia sita! Milango ni mitatu ileile, maadui wanaingilia kila kona, na malipo ni pungufu kwa viwili.

Na mwenye Ulaya wala haitaki Afrika. Anachotaka ni bonasi yako ivunjike. Anarusha dadu tatu kutoka Ulaya Kusini, wewe Misri unajibu na mbili, na kwa mpangilio huo, ingawa sare ni ya mlinzi, kwa wastani anayepoteza vikosi zaidi ni mlinzi. Anaingia Misri na vikosi vyake vitatu, anachukua kadi yake ya zamu (kadi za kubadilisha kwa vikosi) kwa sababu ameteka eneo, anaegemea kiti na kuomba apitishiwe karanga. Zamu yako ikifika huna bonasi. Unatumia vikosi vyako vya kawaida kuirudisha Misri, Afrika Kaskazini inabaki na vikosi viwili, na hapo mwenye Brazil anaanza kukohoa. Huko Australia kuna mtu ana maeneo manne, mlango mmoja tu, Indonesia, anakusanya bonasi mbili kila zamu na anachezea simu. Huyo ndiye atakayesifiwa mwisho wa usiku kwamba ana mbinu.

Halafu ramani yenyewe. Iceland, nchi ya watu wasiofika laki nne, ina eneo lake. Kamchatka ina lake, Yakutsk lake, Irkutsk lake. Accra wewe itafute ndani ya Afrika Kaskazini. Sisi tumefungashwa kwenye furushi moja linaloitwa Afrika Mashariki, tushukuru.

Mchezo huu ulibuniwa na Mfaransa, Albert Lamorisse, mtengeneza filamu, ukatoka mwaka 1957 kwa jina la La Conquête du Monde. Mwaka uleule Ghana inapandisha bendera yake, na Waalgeria wako vitani na Ufaransa hiyohiyo. Simtuhumu kwamba aliketi usiku akapanga kutudhulumu. Nasema tu kwamba mtu huchora dunia kutokea pale alipokaa, na aliyekaa Paris aliona Ulaya ina maeneo saba yenye thamani ya vikosi vitano.

"Ni mchezo tu." Sawa, basi msinune nikiomba vikosi vinne.

Nitakubali jambo moja, kwa shingo upande: Afrika inashikika ukianzia Amerika ya Kusini. Ukiwa na Brazil na Afrika Kaskazini kwa pamoja, ule mstari wa kuvuka bahari unakuwa wako, Brazil inalala bila ulinzi, na unabaki na milango minne, Venezuela ikiwemo, kwa bonasi tano. Nimeshinda hivyo zaidi ya mara moja. Lakini angalia vizuri: ili Afrika ilindike, inabidi kwanza umiliki bara jingine.

Nimependekeza mezani kwetu Afrika ilipwe nne. Tumepiga kura. Hoja imekwama kwa kura mbili, ya mwenye Ulaya na ya yule wa Australia, aliyeinua mkono bila kuinua macho kwenye simu. Nitaileta tena Jumamosi, kabla maeneo hayajagawiwa, wakati hakuna anayejua ataangukia bara gani.