Wimbi ni Lako Mpaka Life

Mjomba wangu ana miaka sabini na miwili, na mkono wake wa kushoto umefungwa bendeji tangu Jumamosi. Hakuanguka ngazini wala hakuteleza bafuni. Aliumia akiwa ameketi kwenye mashua ya makasia, ziwani, asubuhi ambayo maji yalikuwa yametulia kama mafuta kwenye sahani.

Mimi ndiye niliyekuwa navuta makasia. Yeye alikaa tezi, yaani nyuma ya mashua, ananielekeza, maana mvuta makasia huwa ameipa kisogo njia yake. Boti moja ya injini, ya kukokota kwa kamba watu wanaoteleza juu ya maji, ikatupita upande wa kulia, mita sitini hivi. Nahodha alituona, akapunguza mwendo. Omo ya boti yake, yaani sehemu ya mbele, ikainuka, tezi ikadidimia, akatupungia mkono. Nami nikampungia. Ikaenda zake, nikarudia kuvuta.

Kisha Mjomba akapaza sauti ambayo sijaisikia tangu nikiwa mtoto: "Geuza omo! Geuza!" Nikavuta kasia moja kwa nguvu zote, mashua ikageuka nusu tu. Wimbi la kwanza lilitunyanyua. La pili likatukuta ubavuni, likamwaga maji mpaka vifundoni. La tatu ndilo lililomng'oa Mjomba kwenye ubao wake. Akajikinga kwa mkono, mkono ukagonga ukingo wa mashua, nikasikia mlio wake. Kasia moja likachomoka kwenye kishwara, kitanzi kinacholishika, na kuanza kuelea kuelekea matete. Boti ilikuwa imeshafika mbali, muziki wake unasikika kwa mbali. Waliokuwa ndani hawakujua lolote.

Nilifua maji kwa kopo kwa karibu robo saa. Mjomba alishika kifundo cha mkono akirudia, "Si kitu, mwanangu, si kitu." Kifundo kilikuwa kimeshaanza kuvimba.

Siku ile ningeandika matusi. Naandika leo kwa sababu Jumapili nilimkuta yule nahodha gatini, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza hali ya Mjomba, na niliona usoni kwamba imemuuma. Halafu akasema kitu ambacho hakijanitoka kichwani: "Lakini kaka, mbona nilipunguza mwendo! Nilipowaona tu, nilipunguza."

Ni kweli alipunguza. Na hapo ndipo alipotuumiza.

Chombo cha injini kina tabia tatu majini, na kila anayeshika usukani anapaswa kuzijua kabla hajajua namna ya kuwasha redio. Kikienda polepole kabisa, kinapasua maji taratibu na kuacha viwimbi visivyomwamsha bata. Kikienda kasi, kinapanda juu ya maji na kuteleza. Sehemu yake ya chini inagusa maji kidogo tu, na mkia wake wa mawimbi huwa mdogo kuliko unavyodhani. Katikati ya hizo mbili ndipo penye balaa. Hapo chombo hakipasui wala hakitelezi. Kinalima. Omo iko angani, tezi imezama, injini inasukuma maji mengi kuliko inavyosukuma boti, na wimbi kubwa kuliko yote linazaliwa hapo.

Yule nahodha alikuwa anateleza vizuri. Alipotuona akashuka kwenye kulima, akabaki humo wakati wote anatupita, akafikiri ametufanyia hisani. Angetupita kwa kasi ile ile akiwa mita mia mbili zaidi, tusingelowa. Na kama hakuwa na nafasi ya kwenda mbali, alitakiwa kuanza kupunguza mapema sana, ashuke moja kwa moja mpaka mwendo wa mtu anayetembea, atupite hivyo, na asifungue injini tena mpaka tumebaki nyuma sana. Ama polepole kweli, ama mbali kweli. Nusu mwendo karibu na chombo kidogo ndiyo hatari kubwa kuliko zote, na inafanywa kila wikendi na watu wenye nia njema wanaopunga mkono.

Sasa fikiria boti iliyotengenezwa ili ibaki kwenye hali hiyo ya kulima kwa makusudi. Ndizo hizi za kuteleza juu ya wimbi la nyuma, mtelezaji akiwa ameshaiachia kamba. Zina matangi ya farumi, yaani uzito wa kuizamisha boti, yanayojazwa maji ya ziwa, na nyingi hubeba zaidi ya tani moja ili tezi ikae chini. Huenda kilomita 16 hadi 19 kwa saa, mwendo wa baiskeli, na kwa mwendo huo hulima maji mfululizo saa nzima. Wimbi kwao si taka inayobaki nyuma ya safari. Wimbi ndilo walilolifuata.

Sisemi haya kwa kuchukia kila anayevutwa kwa kamba. Mchezo wenyewe una zaidi ya miaka mia: Ralph Samuelson alisimama juu ya mbao mbili kwenye Ziwa Pepin, Minnesota, Marekani, mwaka 1922, akiwa kijana wa miaka kumi na minane. Watelezaji wa ski mpaka leo wanapenda maji yaliyolala, na boti zao hutengenezwa ziache mkia mdogo kadiri inavyowezekana. Wao na mvuta makasia wanatafuta maji yale yale, asubuhi ile ile. Aliyelibadilisha ziwa ni huyu wa farumi.

Watu husema, "Ni wimbi tu, limezidi kidogo." Wimbi halizidi kidogo. Nguvu yake hupanda kwa mraba wa kimo chake: likiwa na kimo mara mbili, linabeba nguvu mara nne; likiwa na kimo mara tatu, nguvu mara tisa. Wimbi la goti na wimbi la kiuno hayatofautiani kwa paja moja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walizipima boti hizi ziwani na kutoa ripoti yao mwaka 2022. Walichokiona ni kwamba wimbi la boti ya farumi linahitaji zaidi ya futi 500, yaani mita 150 na ushei, ndipo lishuke kufanana na lile la boti ya kawaida. Jimbo la Vermont, Marekani pia, likaweka kanuni mwaka 2024: mchezo huu ufanywe futi 500 kutoka ukingoni, kwenye maji ya kina kisichopungua futi 20, na mahali penye nafasi ya angalau ekari 50. Wengine walilalamika kwamba kanuni hiyo inayafuta maziwa mengi madogo kwenye orodha. Ndiyo, inayafuta. Kuna maziwa ambayo hayana ukubwa wa kumeza wimbi hilo, na ni afadhali kusema hivyo wazi kuliko kumwachia mtoto anayeoga ukingoni alithibitishe.

Hoja ninayoisikia zaidi ni ya upepo. Upepo nao huleta mawimbi makubwa, wanasema, kwa hiyo tatizo liko wapi? Nakubali kwamba kwenye ziwa kubwa siku ya dhoruba hakuna boti inayoweza kushindana na upepo. Lakini upepo nausoma kabla sijafungua kamba gatini. Unakuja kutoka upande mmoja, kwa mpigo mmoja, na ukizidi nabaki nyumbani. Tena ghuba ndogo zilizojificha hazipati wimbi kubwa la upepo hata siku moja, ndiyo maana matete yameota humo, ndege wametaga humo, na waoga kama mimi tunapiga makasia humo. Boti ya farumi ikiingia kwenye ghuba hiyo inaleta dhoruba mahali ambapo dhoruba haijawahi kufika. Na kama ukingo umejengwa ukuta wa zege, wimbi halifii pale. Linagonga na kurudi, linakutana na linalokuja, na katikati yao upo wewe na kopo lako.

Kuhusu ndege sitasema mengi. Wako wanaojenga kiota usawa wa maji, na wimbi moja linatosha kuchukua mayai ya msimu mzima. Pangaboi la injini lililoelekezwa chini kwenye maji mafupi nalo hutibua tope lenye fosforasi inayolisha mwani, na baada ya hapo watu wanashangaa maji yamegeuka kijani. Na farumi isiyomwagwa ikakauka hubeba wadudu na mbegu kutoka ziwa moja hadi jingine. Kome pundamilia, viumbe wadogo wa majini wenye gamba, waliingia Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini miaka ya 1980 kwa maji ya farumi ya meli, na hakuna aliyeweza kuwatoa tangu hapo.

Narudi kwenye adabu ya majini, kwa sababu kukosekana kwake ndiko kulikomuumiza Mjomba wangu.

Mtelezaji akianguka, nahodha wengi hugeuza boti papo hapo kwa kasi, kwa mbwembwe. Mzunguko huo unarusha mawimbi pande zote, yanapishana, na anayekaa kwenye chombo kidogo hajui ageuzie omo wapi. Shusha mwendo kwanza, ngoja boti ikae, kisha rudi kwa mwenzako polepole. Hata yeye atakushukuru, maana maji yake hayatakuwa yamevurugika utakapomnyanyua tena. Vivyo hivyo usizunguke mahali pamoja mara kumi na tano. Nenda kwa mstari katikati ya ziwa, rudi kwa mstari ule ule, hama baada ya muda. Mtu mwenye nyumba mbele ya mahali ulipopapenda anasikia boti yake ikigonga gati kwa kila mzunguko wako, kamba zinasagika, na hawezi kukuomba uondoke kwa sababu hata husikii.

Halafu kuna jambo moja ambalo nadhani lingemaliza nusu ya ugomvi huu. Kwenye boti ya kukokota tayari yupo mtu aliyepewa kazi ya kutazama nyuma. Sehemu nyingi sheria inamtaka awepo: nahodha aangalie mbele, mwenzake amwangalie mtelezaji. Mtu huyo anakaa akilitazama wimbi saa nzima! Analiona linapozaliwa, linapopanuka, linapoelekea. Ni yeye peke yake katika boti nzima anayeweza kuona kwamba wimbi lililoondoka dakika moja iliyopita limefika kwenye mashua yenye mzee. Hakuna anayemwambia alitazame. Anaambiwa amtazame mtelezaji, amwambie nahodha akianguka, basi. Kumwongezea kazi ya kuinua macho mita mia moja zaidi hakugharimu chochote. Kanuni ya tano ya kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, za mwaka 1972, inamtaka kila chombo kiangaze muda wote, kwa macho na kwa masikio. Zile ni za baharini, na maziwa mengi yana sheria zake, lakini sioni kwa nini kuangaza kuishie mbele ya omo. Boti yako haikomei kwenye tezi. Inaendelea nyuma yako mita mia mbili, mia tatu, ikiwa imevaa umbo la maji, na inagonga watu.

Sheria za sehemu nyingi zinasema hivyo pia, kwamba nahodha anawajibika kwa madhara ya wimbi lake. Sawa. Lakini ziwani pale hapakuwa na askari wala shahidi. Palikuwa na sisi wawili tu, na kopo, na kasia linaelea. Ndiyo maana nazungumza juu ya adabu kabla ya sheria.

Lazima niseme pia, ingawa sipendi, kwamba wale vijana walikuwa na furaha ya kweli. Mmoja wao alikuwa anasimama kwa mara ya kwanza. Niliona wenzake wanavyomshangilia. Ziwa ni lao kama lilivyo langu. Nami kuna jambo nililokosea: nilimpungia mkono nahodha nikarudia makasia yangu, wakati nilipaswa kugeuza omo pale pale, mshazari kuelekea wimbi, na kungoja. Wimbi la kwanza si kubwa kuliko yote na huja baada ya boti kuondoka. Mjomba ndiye aliyenifundisha hilo, miaka thelathini iliyopita, na bado nililisahau.

Yule nahodha alinipa namba yake tulipoachana. Alisema atawaeleza wenzake habari ya kulima. Namwamini.

Jana nilimpitia Mjomba. Uvimbe umepungua, vidole vinakunja. Tumekubaliana Jumamosi tuingie tena, ila yeye amesema twende saa kumi na moja alfajiri, tuwe tumerudi gatini saa moja na nusu, kabla injini hazijawashwa. Nilimwambia sawa. Njiani kurudi nyumbani nikajikuta nimekasirika upya, maana tulikuwa tunatoka nyumbani saa mbili, jua likiwa limepanda na Mjomba ameshakunywa dawa zake. Saa hiyo hatunayo tena, na hakuna aliyetuuliza.