Senti 30 na daftari la mchango

Oktoba 2025, mashirika mengi ya hisani ya Marekani yaligundua yana mlango ambao hayakuutoboa yenyewe. GoFundMe, jukwaa la mtandaoni la michango, ilikuwa imetengeneza kurasa milioni 1.4 za kuchangisha fedha kwa majina yao, kwa kuchota taarifa zilizo wazi za mamlaka ya kodi ya nchi hiyo, bila kubisha hodi. Kelele zilipozidi, kampuni iliomba radhi na kusema ukurasa utabaki kwa shirika linaloutaka tu.

Huku kwetu habari hiyo ilipita kimya. GoFundMe haimfungulii mchango mwenye akaunti ya benki ya Kenya, kwa hivyo anayehitaji humtafuta ndugu aliyeko Minnesota au Texas, mchango ukafunguliwa kwa jina la huyo, na fedha zikashuka kwa njia nyingine. Lakini swali lililowaudhi Wamarekani ni letu pia, tena letu zaidi: mchango ukipitia nyumba ya mtu mwingine, daftari linabaki kwa nani?

Nauliza hivi kwa sababu kila ninapokaa na wenzangu wa vyama vidogo hapa Mombasa, mjadala huanzia kwenye makato na kuishia hapo hapo. Jukwaa fulani linakata asilimia ngapi, lile lingine linaomba bahashishi kiasi gani. Anayesema tuwe na tovuti yetu, hata iwe ya ukurasa mmoja, huchekwa: unataka kuwalipa mafundi wa kompyuta pesa za karo za watoto?

Wanaocheka wana sababu, na mimi mwenyewe ni ushahidi wao. Chama ninachokiwekea hazina kiliwahi kuwa na tovuti. Kijana aliyetujengea alipata kazi Doha, akaondoka na neno la siri. Domeni, yaani anwani ya tovuti, ikaisha muda, barua za kukumbusha zikawa zinaingia kwenye anwani yake ya zamani asiyoifungua. Tulipompata, jina letu lilikuwa limeshachukuliwa na watu wa kamari. Kwa miezi kadhaa, aliyetaka kusaidia yatima alikuwa akikaribishwa kubashiri mpira.

Hata tovuti ikiwa hai, kupokea kadi si mchezo. Wezi wa kadi huzipenda fomu za hisani kuliko duka lolote, maana fomu hizo hukubali kiasi kidogo na haziulizi mzigo upelekwe wapi. Mwizi huijaribu kadi aliyoiiba kwa dola moja, mbili, akaona kama bado inafanya kazi. Mwenye kadi akilalamika, benki inazirudisha fedha na aliyepokea anatozwa gharama juu yake. Chama cha watu kumi na wawili wanaokutana Jumamosi baada ya alasiri hakina wa kulinda mlango huo usiku. Jukwaa kubwa linaye. Tena Mmarekani anayetaka mchango wake upunguziwe kodi lazima autoe kwa shirika linalotambulika kwao, na ndiyo sababu GlobalGiving, iliyoanzishwa 2002, imekuwa daraja la asasi nyingi za Afrika: inazikagua, inapokea kwa niaba yao, kisha inazitumia. Huduma hiyo ina gharama, na anayeiita wizi hajawahi kujaza fomu za kodi za Marekani.

Basi tuyaangalie hayo makato, maana nadhani hata hapo tunagombania mahali pasipo na kidonda. Kiwango cha kawaida cha kadi Marekani, na ndicho GoFundMe inachokata, ni asilimia 2.9 kwa kila mchango, pamoja na senti 30. Watu wote huishupalia ile asilimia. Mimi zinazoninyima usingizi ni senti 30.

Anayetoa dola 100 anakatwa dola 3 na senti 20. Asilimia 3 na kidogo, hakuna wa kulia. Anayetoa dola 10 anakatwa senti 59, karibu asilimia 6. Anayetoa dola 5 anakatwa karibu asilimia 9. Shuka hadi dola 2, kiasi ambacho dada anayefanya kazi za ndani Muscat anaweza kukitoa kila mwezi bila kujibana, na makato yanakaribia asilimia 18. Kadiri mkono unavyokuwa mdogo ndivyo unavyokatwa zaidi. Hakuna aliyekaa akapanga kuwadhulumu wadogo. Ni gharama ya kusukuma muamala mmoja, mkubwa au mdogo. Ila tazama inavyotubadilisha sisi tunaopokea. Fomu inaanza kupendekeza dola 25, 50, 100. Wa dola 2 anafika, hakuti kiasi chake, anabofya kisanduku cha "kiasi kingine" kwa aibu kidogo, au anafunga na kwenda zake. Miaka mitatu ya fomu ya namna hiyo, na kamati inaanza kuamini kwamba mchangiaji ni mtu wa dola 50, na kwamba watu wa dola 2 hawapo.

Nao wapo. Mwaka 2011, ukame ulipoikumba kaskazini, kampeni ya Wakenya kwa Wakenya ililenga shilingi milioni 500 na kulivuka lengo hilo, na kati ya waliotuma kwa M-Pesa walikuwemo watu wengi ambao kadi ya benki waliijua kwa kuiona tu. Harambee ndivyo ilivyo tangu zamani: anasomwa aliyeleta laki, na anasomwa bibi aliyeleta yai, likanadiwa. Kusomwa jina ni nusu ya mchango. Siku hizi daftari limehamia WhatsApp. Mtu ananakili orodha, anaongeza mstari wake chini, "23. Mama Zubeda 200", anairudisha kwenye kundi. Orodha ile haina programu, haina neno la siri, lakini kila mtu anaona nani ameahidi, nani ametoa, na nani yuko kwenye kundi tangu Ramadhani hajasema kitu.

Hapo ndipo ninapowatetea wale wanaochekwa kwa kutaka tovuti yao. Wanaona kwamba kinachopotea kwenye nyumba ya watu ni orodha, wala si fedha. Jukwaa jingine hukupa jina na barua pepe ya mchangiaji kama ameridhia. Jingine hukupa jumla na tarehe. Kampeni ikifungwa, uhusiano nao unafungwa. Aliyechangia dawati mwaka jana anaweza mwaka huu kupokea kutoka kwa jukwaa hilo hilo barua ya kumwonyesha kampeni nyingine ya kugusa moyo, ya watu wengine, na si vibaya, wao nao wana shida. Lakini mimi siwezi kumwandikia kwamba dawati lake limefika na ameketi nani. Sina anwani yake. Nimepokea fedha nikakosa mtu.

Nitajibiwa kwamba daftari la kidijitali ni mzigo, na ni kweli. Tangu sheria ya ulinzi wa data ya 2019, anayehifadhi majina na nambari za watu hapa Kenya anawajibika: aombe ridhaa, azilinde, asizisambaze. Orodha yetu ya WhatsApp, kusema kweli, haiwezi kusimama mbele ya sheria hiyo hata dakika mbili. Wala ukubwa si kinga. Blackbaud, kampuni ya Marekani inayotunza kumbukumbu za wachangiaji wa maelfu ya mashirika, ilivamiwa na wadukuzi mwaka 2020, ikawalipa, na mwaka 2023 ikakubali kutoa dola milioni 49.5 kumaliza madai ya majimbo 49 na jiji kuu, Washington D.C. Anayenishauri niwaachie wakubwa daftari kwa usalama, namkumbusha hilo. Anayenishauri niliweke kwenye kompyuta mpakato ya katibu, namkumbusha Doha.

Simu nayo haina usafi wote tunaoipa. Ushuru wa serikali juu ya ada za kutuma fedha ulipanda kutoka asilimia 12 hadi 15 mwaka 2023, na hakuna jukwaa la Marekani la kulaumiwa kwa hilo. Tena Safaricom, wenye M-Pesa, kwa kulinda faragha, ilianza kuwafichia wenye paybill, ile nambari ya chama au biashara ya kupokelea malipo, tarakimu za katikati za nambari ya mtumaji. Nafurahi nikiwa mtumaji; nikiwa mweka hazina nakuna kichwa.

Tulichokifanya mwisho ni kidogo. Domeni mpya imeandikishwa kwa jina la chama, neno la siri liko kwa watu watatu, na mmoja wao hapendani na wawili wengine, kwa makusudi. Ukurasa ni mmoja. Juu kabisa ipo paybill. Chini yake kiungo cha jukwaa la nje kwa wenye kadi, na ombi kwamba akishatoa atuandikie mstari mmoja, kama anapenda. Walio ng'ambo wachache huandika. Gharama ya mwaka mzima haifiki karo ya mtoto mmoja ya muhula.

Na kwenye paybill, pale simu inapodai nambari ya akaunti, tumewaambia watu waweke jina wanalotaka lisomwe. Huko ndiko daftari lilikorudi bila sisi kulipangia. Wengine huweka majina yao. Mmoja huandika jina la marehemu mamake kila Ijumaa, shilingi 50. Mwingine ameandika MDOGO WAKE HASSAN, na kwenye kamati tuna Hassan watatu, kila mmoja anadai ni wake.