Orodha ya jeni si hati ya mashtaka

Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja alinijia hapa Moshi, kompyuta mkononi na uso umemkunjamana, akaniambia, "Mwalimu, bakteria huyu wa kwenye maziwa ana jeni za ugonjwa zaidi ya thelathini." Alikuwa E. coli aliyekuzwa kutoka katika maziwa mabichi yaliyonunuliwa Boma Ng'ombe, na orodha ilitoka VFDB, kanzidata ya China inayokusanya jeni zinazohusishwa na ukali wa vimelea, iliyoanzishwa mwaka 2004. Rasimu ya ripoti ilikuwa imeshaanza, na neno "hatari" limo tayari katika sentensi ya kwanza.

Sikumbishia. Nilimwomba tu achukue jenomu, yaani DNA yote, ya K-12, aina ya E. coli iliyotolewa kwa mgonjwa huko California mwaka 1922, ikafugwa maabarani hadi leo na haimdhuru mtu, aipitishe katika kanzidata ileile. Nayo ikatoa orodha ndefu: jeni za enterobaktini, ambayo bakteria huitumia kunyakua madini ya chuma, na jeni za vinyweleo vya kujishikizia. Tulipoyafuta majina yaliyokuwamo katika orodha zote mbili, yalibaki machache. Moja lilifanana na jeni ya kwenye kanzidata kwa asilimia 98, lakini kwa theluthi tu ya urefu wake; yaani ni kipande. Jeni ya sumu ya Shiga, sumu inayoharibu figo, ambayo ndiyo ingeninyima usingizi, haikuwamo.

K-12 ina herufi za DNA zipatazo milioni 4.6, ilhali O157:H7, yule E. coli wa kuharisha damu na kuharibu figo, ana kama milioni 5.5, na jeni za sumu yake ya Shiga zililetwa na virusi vinavyojipachika ndani ya jenomu ya bakteria. Kwa hiyo anayehesabu majina bila kuuliza kipi kimeongezeka na kimetoka wapi, anahesabu tu.

Kosa la upande wa pili ndilo ninaloliogopa zaidi. Brusela, bakteria anayewatupisha mimba ng'ombe wetu na kuwaachia wafugaji homa zisizokwisha, hana sumu za kawaida tunazozifahamu kwa vimelea wengine. Silaha yake kubwa ni kujificha ndani ya seli. Atakayempima kwa urefu wa orodha atamwona mpole. Kanzidata hujua kile tu ambacho watu wamekwisha kukichunguza, na ukimya wake hausafishi mtu.

Ndiyo maana nashikilia kwamba ripoti isiyoonyesha asilimia ya kufanana, urefu uliolingana na matokeo ya bakteria asiye na madhara irudishwe kwa mwandishi. Mwanafunzi wangu alirudi jana na jedwali lenye safu hizo zote. Neno "hatari" amelihamishia sentensi ya mwisho, likiwa na alama ya kuuliza, na bado tunabishana.