Kuuziwa Tanzanite Bangkok

Wenzangu tunaofuata nguo Pratunam, soko la jumla la Bangkok, mnajua siku ya mapumziko inavyopatikana kwa mbinde, kwa hiyo mtanielewa nikisema kwamba jana niliibiwa siku yangu na dereva wa bajaji. Mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nilikuwa nimevaa shati la harusini na kukusudia kumtazama Buddha aliyelala, sanamu ya hekalu la Wat Pho yenye urefu wa mita 46, kisha nivuke mto Chao Phraya kwa kivuko cha Tha Tien nikalione hekalu la Wat Arun.

Hatua chache kabla ya lango, bwana mmoja mwenye tabasamu la mposaji alinifahamisha, kwa masikitiko makubwa, kwamba hekalu limefungwa hadi alasiri, lakini rafiki yake mwenye bajaji angenizungusha mjini kwa baht 20. Mimi ambaye Kariakoo hubishana na kuli kwa shilingi mia mbili, nilipanda bila kujiuliza mafuta ya safari hiyo yanalipwa na nani.

Yalikuwa yanalipwa na duka la vito. Nilikalishwa kwenye kiti cha ngozi, nikapewa maji baridi, na binti mwenye glavu nyeupe akafunua kijisanduku taratibu kama anayemfunua bibi harusi, akaninong'oneza kwamba kito hicho cha buluu hupatikana mahali pamoja tu duniani. Nikauliza ni wapi. Akajibu kwamba ni Afrika, mbali sana, nisingepajua.

Nisingepajua! Mjomba wangu amemaliza ujana wake shimoni Mererani akilitafuta jiwe hilo hilo, akatoka na kikohozi. Nilimwekea pasipoti mezani kwa heshima zote. Binti aliisoma, uso ukamchangamka, akasema kwamba kwa kuwa ni kitu cha nyumbani, angenipunguzia asilimia kumi.

Dereva aliponiona natoka mikono mitupu, alinuna kana kwamba mimi ndiye niliyemdanganya, akanishusha kwa fundi wa suti na kutokomea. Niliporudi Wat Pho kwa miguu, watu walikuwa wakiingia na kutoka, na lango lilikuwa wazi tangu asubuhi.

Sitasema mengi kuhusu saladi ya papai bichi niliyotwangiwa kinuni, maana niliomba isiwe na pilipili na midomo yangu bado haijarudi. Wala kuhusu boti ya mfereji wa Saen Saep, ambamo wenyeji wote walivuta pazia la plastiki isipokuwa mimi niliyekuwa nikihesabu chenji. Shati la harusini sasa linanuka mfereji.

Usiku nilikula embe lililowekwa juu ya wali wa kunata na kumwagiwa tui la nazi, na badala ya kufurahi nikaanza kumkasirikia shangazi yangu wa Pangani, ambaye miaka yote hii ana maembe, nazi na mchele jikoni mwake, na kila tukienda anatupikia ugali.