Bustani ya miti ya chuo: tuanze na hati kabla ya miche

Chuo kikuu kikitaka bustani ya miti, kamati hukimbilia orodha ya miche. Mimi ningeanza na hati ya ardhi. Arnold Arboretum ya Chuo Kikuu cha Harvard, jijini Boston, ilianzishwa mwaka 1872 kwa fedha za wasia wa James Arnold, tajiri wa biashara ya nyangumi. Sharti lilikuwa zito: kupanda, kadiri inavyowezekana, kila mti na kichaka, cha kienyeji au cha kigeni, kinachostahimili baridi ya pale. Fedha hazikutosha. Mwaka 1882 mkurugenzi Charles Sargent na mbunifu wa mandhari Frederick Law Olmsted wakafanikisha mapatano ya ajabu: jiji limiliki ardhi, litengeneze barabara na kuweka ulinzi, chuo kiikodi kwa miaka 1,000 na kutunza miti, wananchi waingie bure.

Mtafiti anaweza kulalamika kwamba umma hukanyaga mizizi na kuchuma matunda yenye mbegu anazozisubiri, akataka uzio. Ana haki, hata mandari pale imeruhusiwa kwa Jumapili moja tu kwa mwaka, ya maua ya lailaki mwezi Mei. Ila uzio haumzuii mkuu wa chuo anayetafuta pa kujenga hosteli. Mkataba na jiji unamzuia.

Kwenye mpangilio ndipo pagumu. Walipanga miti kwa koo zake, kufuata uainishaji wa Bentham na Hooker, wanabotania Waingereza wa karne ya 19, kandokando ya barabara inayopinda, wakianza na magnolia. Mwanafunzi analinganisha jani la ndugu na ndugu bila kutembea mbali. Kwa upande mwingine, udongo haujui koo, na mdudu akivamia mti mmoja jamaa zake wako jirani. Isitoshe, vinasaba vimeshabadilisha uainishaji ule, na mwaloni wa miaka mia hauhamishiki.

Kinachookoa ni kibati. Kila mti una chake, chenye jina la kisayansi na namba ya usajili inayokupeleka kwenye daftari la kumbukumbu, lenye habari za mbegu ilikotoka. Sayansi ikibadilika, daftari ndilo linapangwa upya, miti inabaki ilipo. (Vyuo vyetu navyo vina vibao, ila jina utakalosoma ni la mgeni rasmi aliyepanda. La mti halipo.)

Bustani ya miti ya Ruhande, kando ya chuo kikuu kule Huye, Rwanda, ilianza miaka ya 1930 kwa mtindo mwingine: vitalu vya mraba, kila kimoja aina moja, mikaratusi kwa wingi. Kupima ukuaji wa mbao pale ni rahisi, na huwezi kuupima kwa mti mmoja mmoja wa Boston. Matembezi yake ndiyo hayana mvuto kama ya Boston. Chuo chenye idara ya misitu na eneo kubwa kingefuata Ruhande. Chenye ekari chache katikati ya mji, ningekishauri kipande miti mchanganyiko kando ya njia ambazo watu tayari wanapita, kikiwa na daftari tangu mche wa kwanza.