Kifaru peke yake hakikuvunja mahandaki

Makala niliyoisoma kuhusu Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia inasema kifaru, yaani gari la vita la chuma, ndicho kilichomaliza vita vya mahandaki kule Ufaransa. Hapo nampinga mwandishi. Septemba 15, 1916, pale Somme, kaskazini mwa Ufaransa, Waingereza walikuwa na vifaru 49 tu, na vingi viliharibika au kunasa njiani. Kilichokuja kubadilika ni namna ya kuvitumia.

Tazameni shambulio la Waingereza pale Cambrai, mji mwingine wa Ufaransa, Novemba 20, 1917. Vifaru zaidi ya 400, vingi vimebeba juu matita makubwa ya fito yaliyokazwa kwa minyororo. Kikifika ukingoni mwa handaki, kifaru kinaangusha tita ndani, kisha kinapita juu yake. Na mizinga haikutangulia kupiga siku nyingi kama ilivyozoeleka. Shabaha zilipangwa kwa ramani na hesabu, ikafyatuliwa alfajiri ileile ya shambulio, Wajerumani wakashtukizwa. Huo mpango wa mizinga makala imeuruka kabisa, na kwangu mimi ndio uliokuwa ufunguo.

Tuwakumbuke na waliokuwa ndani ya vifaru jamani. Kila kifaru watu 8 wamebanana na injini inayonguruma katikati yao, joto na moshi vikiwatapisha, wengine wakizimia. Inaniuma kila nikisoma habari zao.

Tena siku 10 baadaye Wajerumani walirudisha sehemu kubwa ya eneo walilopoteza Cambrai bila kutegemea vifaru. Walituma vikosi vidogo vyenye mabomu ya mkono na bunduki za rashasha, vikipenya penye udhaifu na kuziacha ngome ngumu kwa wanaofuata nyuma. Hilo nalo lilistahili aya yake.