Mwacheni mama wa mihogo mlangoni

"Hairuhusiwi kuingia na chakula kutoka nje." Tangazo hilo limebandikwa wiki hii kwenye mlango wa banda ninaloangalia mpira miaka yote, hapa Temeke, Dar es Salaam. Chini yake kuna vifurushi vya siku ya dabi ya Simba na Yanga: baga na soda, kuku wa kukaanga na chipsi, piza. Kifurushi cha bei ya chini kabisa kinazidi kiingilio mara kadhaa. Mama anayekaanga mihogo pembeni ya mlango ameambiwa ahamie ng'ambo ya barabara. Mzee wa kahawa naye ameambiwa asipite ndani na birika lake mpira ukiwa unaendelea.

Nimekasirika, na najua sipo peke yangu, maana jana nje ya banda hapakuwa na mada nyingine.

Chakula cha mpira kina masharti yake. Kiliwe kwa mkono mmoja, kwa sababu mwingine una kazi ya kumlaumu refa. Kisikulazimishe kuinamisha kichwa, kwa sababu bao haliwasubiri wanaotafuna. Kiweze kugawika, kwa sababu uliyebanana naye kwenye benchi humjui jina ila mnagusana mabega kwa dakika tisini. Baga inataka mikono miwili na macho yote. Kuku yule anataka kitambaa na maji ya kunawa. Kipande cha muhogo unakishika huku macho yapo kwenye skrini, unakichovya kwenye chachandu kwa kukisia tu, na hakidondoki.

Na huyu mama anakaanga kwa saa ya mpira. Asubuhi anachagua mihogo isiyo na nyuzi, anamenya, anapasua kwa urefu, anang'oa ule mzizi wa katikati na kuloweka kwenye maji ya chumvi. Mechi ikikaribia anakaanga mara ya kwanza mpaka iive bila kubadilika rangi, kisha anaichuja mafuta na kuipanga kwenye sinia. Hapo anasubiri. Alipokaa haoni runinga. Anafuata mchezo kwa masikio: kelele ya kona anaijua, kelele ya faulo anaijua, na ule ukimya wa penati anaujua kuliko sisi tuliomo ndani. Akisikia watu wameanza kusogeza viti anachochea mkaa. Filimbi ya mapumziko inapolia karai limeshapata moto, mihogo inarudi ndani kwa dakika mbili tatu na kutoka na ganda la rangi ya dhahabu linalovunjika kwa sauti, ndani laini kabisa. Anamwagia kachumbari, anaweka chachandu ya pilipili mbuzi na ukwaju pembeni. Kipindi cha pili kikianza, kila mtu ameshahudumiwa na amerudi alipokaa.

Nionyesheni jiko la vifurushi linaloweza kufanya hivyo ndani ya dakika kumi na tano.

Lakini kinachoniuma zaidi ni ile sahani ya pamoja. Mechi ya watani ni mechi ya watu wanaoishi nyumba moja. Yanga ni ya 1935, Simba ni ya 1936, zote zimezaliwa Kariakoo, na mpaka leo kuna familia ambazo baba ni Mwananchi, yaani wa Yanga, na mama ni Mnyama, yaani wa Simba. Tunakaa benchi moja, jezi ya kijani imebanwa katikati ya jezi mbili nyekundu, na tunatukanana kwa utani ambao mgeni akiusikia anaweza kudhani ngumi zinakuja. Haziji, na sababu moja ni kwamba kati yetu kuna sinia la mihogo ambalo wote tumechangia. Ni vigumu kumchukia mtu ambaye vidole vyake na vyako vimekutana kwenye bakuli moja la chachandu. Na desturi ya mtaani kwetu ni kwamba aliyefungwa ndiye ananunua. Siku Simba alipompiga Yanga tano bila mwezi Mei 2012, watu wa Jangwani walinunua mishikaki kwa uchungu mkubwa. Novemba 2023 Yanga akalipa kisasi kwa 5–1, na safari hiyo ni watu wa Msimbazi waliofungua pochi. Deni la miaka kumi na moja lililipwa kwa mihogo, mishikaki na kahawa, na wadeni wote walikuwepo.

Kifurushi kinakuja kwenye boksi la mtu mmoja, na mtu mmoja anakila amelikumbatia boksi lake. Kijana mwenye buku mbili mfukoni, ambaye kwa utaratibu wa zamani angelipa kiingilio, akala mihogo miwili, akanywa kahawa na kubakiza nauli, sasa anaingia na kukaa na njaa akitazama wengine wanavyokula. Au haingii kabisa. Huyo ndiye shabiki aliyeufanya mpira huu uwe mkubwa. Huyo ndiye anayepiga ngoma uwanjani Kwa Mkapa.

Mzee wa kahawa nitamsemea kwa ufupi, ila nitamsemea. Mechi za ligi ya mabingwa wa Ulaya hapa kwetu zinaanza saa 4 usiku, na kule wakirudisha saa zao nyuma zinaanza saa 5. Ni kahawa yake chungu na kipande cha kashata ya nazi vinavyotufikisha dakika ya tisini na macho yakiwa wazi. Anagonganisha vikombe taratibu ili tujue yupo, hasimami mbele ya skrini, na hajawahi kumwagia mtu. Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022 tulibahatika kwa sababu saa zao na zetu ni zilezile: mechi za mwanzo za makundi zilianza saa 7 mchana, saa 10 jioni, saa 1 usiku na saa 4 usiku. Siku hizo banda lilikuwa na milo minne. Mchana wali maharage wa mama lishe ulioliwa umesimama, jioni mihogo, usiku wa kwanza mishikaki, usiku wa pili pweza na supu yake kwenye kikombe. Nakumbuka Morocco walivyomtoa Ureno, jirani yangu akiwa na kijiti cha pweza mdomoni, amesahau kutafuna. Sijawahi kuona watu wa Temeke wamekula vizuri kiasi kile kwa mpira, na hakuna aliyehitaji boksi.

Bia sina neno nayo. Wanaokunywa wana baa zao, na sisi tuna ukwaju wa baridi na juisi ya miwa yenye tangawizi. Chipsi mayai ni nzuri, lakini iachwe mpaka filimbi ya mwisho.

Sasa, nitakubali mawili, japo kwa shingo upande. Karai la mafuta ya moto mlangoni kabisa ni hatari, hasa bao linapoingia na watu kutoka nje wakikimbia bila kuangalia. Na vijiti vya mishikaki vinavyotupwa sakafuni ni aibu yetu sisi walaji. Lakini dawa ya karai ni kulisogeza hatua tano na kuliwekea kizuizi cha matofali. Mwenye banda analipa pango, umeme na king'amuzi, sawa, apandishe kiingilio shilingi mia mbili, tutalipa. Ng'ambo ya barabara ni kumwua mama wa watu kibiashara, kwa sababu hakuna atakayevuka barabara ile wakati wa mapumziko na kurudi kwa wakati.

Na mama huyu anabeba hasara ambazo hakuna mwingine anayezibeba. Tarehe 8 Machi 2025 wote tunaikumbuka. Dabi ilipangwa usiku, ndani ya Ramadhani, watu wafuturu kwanza ndipo waende, na siku ileile ikaahirishwa wakati mashabiki wengine wameshafika uwanjani. Mabishano ya nani alikosea yalichukua miezi mpaka mechi ikachezwa Juni 25. Hakuna hata mmoja niliyemsikia akizungumzia mihogo iliyokwisha kumenywa. Muhogo ukishamenywa haurudi sokoni. Mama alikuwa na ndoo zimejaa, nyama ya mishikaki imeshaungwa tangu asubuhi kwa mkopo wa buchani. Aliipika ile mihogo kwa nazi akaigawa majirani wakafuturu. Deni la nyama alililipa kidogo kidogo, na mechi iliyofuata alikuwepo palepale mlangoni, karai limepata moto.

Ninaandika haya leo kwa sababu AFCON ya 2027 inakuja kwetu Tanzania, pamoja na Kenya na Uganda, na mashindano makubwa yana tabia ya kuwafagia wauzaji wadogo kuzunguka viwanja. Afrika Kusini mwaka 2010 wachuuzi walizuiwa kuuza kwenye maeneo yaliyotengwa kwa wadhamini. Lakini Brazil, kuelekea Kombe la Dunia la 2014, wanawake wa jiji la Salvador wanaouza acarajé, ambayo ni ndugu wa damu wa bagia zetu za kunde, ila yao hukaangwa kwa mawese, walikataa. Walijikusanya na chama chao, wakakusanya saini, wakadai haki ya kuuza katika uwanja wa Fonte Nova, na wakapata ruhusa ya kuingia. Chakula kile kiliondoka Afrika Magharibi na watu waliotiwa utumwani, kikavuka bahari, na wajukuu zao wakakisimamia mpaka kikaingia uwanjani. Sisi muhogo tunao hapahapa Mkuranga.

Kwa hiyo kwa waandaaji wa 2027 nasema mapema: tengeni eneo la mama lishe na wauza mihogo ndani ya uzio wa viwanja, si nje ya kizuizi cha polisi. Wapimeni afya, wapeni maji, taa na mahali pa kumwaga taka, watozeni ushuru wanaoumudu. Na kwa mwenye banda letu, ambaye najua atasoma hapa kwa sababu husoma kila kitu kinachohusu Yanga: sisi watu wa benchi la mbele tumekubaliana, wa kijani na wa nyekundu, kwamba siku ya dabi hatununui boksi hata moja. Toa lile tangazo kabla ya Jumamosi, umwambie mama arudi, na matofali ya kuzungushia karai tutaleta wenyewe.